Kompyuta ya Shangazi Imekuwa Bubu

4 Februari

Mwanangu Mtaalamu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nakuitikia mapema kwa sababu ukiachiwa utasahau. Mimi mzima. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, maana orofa nne si mchezo kwa mtu wa miaka sitini na tatu, lakini sijaanguka na sina mpango wa kuanguka. Bomba la jikoni limetengenezwa. Mama wa orofa ya pili amejifungua mtoto wa kike anayelia kama king'ora. Msalimie mkeo, mwambie shuka alizonitumia zimefika na ninazilalia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kompyuta yangu haisemi.

Ulikuja hapa tarehe kumi na tisa Januari, baada ya miaka mitatu ya "nitakuja, Shangazi." Ulikaa asubuhi moja. Asubuhi yote hiyo hukukaa na mimi hata robo saa. Ulikaa na kompyuta. Nilikuwa jikoni nakuchemshia chai, nikakusikia unagonga vibonye kama mtu anayekimbizwa. Nikakuuliza unafanya nini, ukasema, "Naiboresha, Shangazi. Nakuwekea kiini kipya cha mfumo." Nani alikuomba? Kile cha zamani kilikulalamikia? Ukanywa chai nusu kikombe, ukaizima mashine, ukasema "Tayari," ukashuka ngazi. Nilipoiwasha mchana, kimya. Feni inazunguka, vibonye vinabonyea, sauti hakuna.

Labda huko uliko umesahau kwamba shangazi yako haoni. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Kwako kompyuta isiyo na sauti ni kompyuta isiyo na muziki. Kwangu mimi ni sanduku. Sauti ile ndiyo inayonisomea kila herufi ninayopiga. Ndiyo inayonichezea rekodi za baraza la ardhi ili nizipige chapa. Karani wa baraza analeta rekodi Jumatatu, anataka maandishi Ijumaa, na yule si mtu wa kungoja.

Nilimwita jamaa wa duka la kompyuta hapo chini. Akaangalia, akacheka, akasema mfumo ulioniwekea wao hawaujui, ila anaweza kufuta kila kitu aweke mwingine. Nikamwonyesha mlango.

Barua hii naipiga kwa taipureta, ile uliyoniambia niitupe. Na usinipigie simu. Nilikaa kwenye swichibodi miaka ishirini na sita nikiwaunganisha watu, nimesikia uongo wa kutosha kwenye waya. Andika. Atanisomea Fundi Saa wa orofa ya tatu, yule mstaafu, kwa kuwa hana kazi nyingine.

Shangazi yako

*

21 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia Alhamisi, siku ambayo lori la vifaa linapanda huku bwawani. Na barua hii itaondoka kwa lori hilohilo Alhamisi ijayo. Kwa hiyo tafadhali usihesabu siku ukadhani nimelala. Sisi hatujambo. Mke wangu anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la saruji, lakini anakusalimu sana. Kazi ni ileile: mitambo ya kupimia maji, kompyuta sita, na mhandisi mmoja anayeamini kwamba kompyuta inatengenezeka kwa kupigiwa kelele. Ukikutana naye mtaelewana.

Kuhusu tatizo lako. Kabla ya kulaumu mtu, ni vizuri kuelewa. Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vifaa: kioo, vibonye, kadi ya sauti. Kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ndogo inayokieleza kiini namna ya kukitumia kifaa hicho. Kiini kikibadilishwa, mara nyingine draiva moja inahitaji kusukumwa kidogo. Ni jambo la kawaida. Watu duniani kote wanalimaliza bila kuandikiana barua za matusi.

Nimeweka karatasi ya pembeni yenye hatua tano. Huyo Fundi Saa akusomee herufi kwa herufi, wewe upige, kisha akusomee kinachotokea kwenye kioo. Anza na hatua ya kwanza hata kama unaiona ya kipuuzi. Uzoefu wangu ni kwamba kwa watu wa umri wako, mara tisa kati ya kumi waya wa hedifoni unakuwa umechomoka.

Mimi niliboresha tu. Sikugusa kitu kingine chochote.

Mwanao

*

8 Machi

Mtaalamu,

Sijambo. Mtoto wa orofa ya pili bado analia, sasa amepata na chango. Mkeo anywe maji ya moto na afunge dirisha. Kama kikohozi ni cha vumbi, wewe unafanya nini kwenye vumbi na mke?

Waya haujachomoka. Miaka kumi na nne naishi na tundu lile, nalijua kuliko ninavyokijua kidole changu, na wewe unanituma nikalitafute kama bibi aliyepoteza miwani. Tulifanya hatua zako zote. Imetuchukua Jumamosi nzima, kwa sababu Fundi Saa anasoma kama mtu anayetafuna kokoto. Kila neno analigeuza upande huu na upande huu kabla ya kulimeza. Ananuka mafuta ya mashine, na akiinama kwenye kioo anapumua kwa pua kama birika linalokaribia kuchemka. Nimemvumilia kwa ajili yako.

Hatua ya pili, vipimo vya sauti: vyote viko juu. Ya tatu, kuangalia kama nimeziba sauti mwenyewe kwa bahati mbaya: sijaziba, mimi si mtoto. Ya nne ndiyo iliyonifurahisha. Tulipiga ule mstari wa kuuliza kompyuta ina kadi gani za sauti. Fundi Saa akasoma, akasoma tena.

"Inasema hakuna kadi yoyote iliyopatikana."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, mama. Hakuna kadi."

Kwa hiyo kadi ambayo imekuwa humo ndani tangu mashine inunuliwe imetoweka. Imeenda wapi? Ilishuka ngazi na wewe?

Halafu Fundi Saa akauliza kwa nini tusirudi kwenye kiini cha zamani, kama mashine bado inacho. Nilimwambia aache kujifanya anajua. Mtaalamu mmoja anatosha ukoo mzima. Lakini alipoondoka nikafikiri, nikaona hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa tangu Januari. Nakuuliza mimi sasa. Kiini cha zamani kiko wapi? Tukirudie?

Shangazi yako

*

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, lori liliharibika njiani wiki mbili. Mke wangu amepelekwa zahanati, amepewa dawa, ameambiwa apumzike mbali na saruji. Ni rahisi kusema.

Kadi yako haijaenda popote. Kiini kipya hakiioni kwa sababu draiva yake haikujengwa upya kulingana nacho. Tutaijenga. Karatasi ya pembeni ina mistari minne; uwe umeunganisha mtandao kabla ya kuanza, na usiruke mstari hata mmoja kwa kujiona unajua.

Habari ya kurudi nyuma iache. Hakuna fundi mwenye akili anayerudi nyuma. Na mwambie huyo msomaji wako, ambaye wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anasoma kama mtu anayetafuna kokoto, ananuka mafuta ya mashine na anapumua kama birika, ashughulike na saa zake na viini atuachie wenyewe.

Mwanao

*

15 Aprili

Wewe,

Leo sina salamu nyingi. Mzima mimi. Mkeo apewe pole, yeye.

Nikueleze kilichotokea barua yako ilipofika. Fundi Saa alikuja saa kumi jioni, kama kawaida yake, akagonga mara mbili, akafuta viatu. Nikampa kiti, nikampa chai. Akafungua bahasha, akaanza. Lori, zahanati, draiva. Halafu akafika kwenye ule mstari. Nilimsikia anaacha kusoma. Nikadhani ni neno gumu, nikamwambia, "Ruka kama halisomeki."

Akasema, "Linasomeka."

Akausoma wote. Kokoto, mafuta ya mashine, birika, saa zake. Hakupunguza neno wala kubadilisha sauti. Alipomaliza akauliza, "Tuendelee na karatasi ya pembeni, mama, au umechoka?"

Mimi, niliyewahi kumkatia simu waziri, nilianza kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Nilikaa pale uso unanichoma. Nikasema tuendelee. Tukaendelea mpaka mistari yote minne ikaisha, na sikumsikia akipumua kwa pua hata mara moja. Nadhani alikuwa anabana pumzi makusudi, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Ulifanya kusudi. Ulijua nani atakayesoma. Maneno yangu yalikuwa mabaya, ni ya kwangu na nitayabeba mwenyewe. Lakini kuyachukua ukayatia mdomoni mwa mtu yuleyule ayaseme kwa sauti yake, hiyo ni akili ya kitoto, na kaka yangu hakukulea hivyo.

Mistari yako haikufanya kazi. Kioo kimesema draiva haiwezi kujengwa kwa sababu faili za kujengea za kiini hiki hazipo kwenye mashine. Nimeinakili habari yote nyuma ya ukurasa kama alivyonisomea.

Na bado hujajibu. Sikukuuliza kama fundi mwenye akili anarudi nyuma. Nimeuliza kiini cha zamani kiko wapi.

Shangazi yako

[Chini ya ukurasa, kwa kalamu, mwandiko mdogo ulionyooka:] Bwana mdogo, samahani kwa kuingilia. Shangazi yako amenikataza nisikuandikie hili. Karani wa baraza ameacha kuleta rekodi tangu mwanzoni mwa Machi. Amempa mtu mwingine. Mama huyu anavaa na kukaa mezani kila asubuhi kama vile kazi ipo. Fanya haraka. — F. S.

*

3 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na kila kitu. Nilikosea kuandika vile, nilikuwa na hasira. Mke wangu anaendelea vivyo hivyo.

Nimesikitika kusikia kutoka kwa Fundi Saa, kwenye maelezo yake ya kalamu chini ya barua yako, kwamba karani amekuacha. Lakini Shangazi, tuseme ukweli. Ile ilikuwa kazi gani? Kushinda umeinama ukisikiliza watu wakigombania mawe ya mpaka na mfereji wa maji ya jikoni. Labda huu ndio wakati wa kupumzika. Kuna nyumba moja ya watu wazima, nimeulizia, ina bustani, haina ngazi, kuna wauguzi, na kila chumba kina redio. Redio haihitaji kiini. Orofa ya nne si mahali pa mtu wa hali yako, na nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Fikiria tu. Sikulazimishi.

Kuhusu kiini cha zamani, mifumo hii kwa kawaida hujisafisha yenyewe. Nitakutumia maelekezo mengine nikipata nafasi.

Mwanao

*

18 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu zimfikie mkeo. Wewe kaa kwanza.

Fundi Saa alisoma barua yako hapa mezani. Alipofika kwenye "maelezo yake ya kalamu" akaacha kusoma tena, kama siku ile. Kisha akasoma. Alijisomea mashtaka yake mwenyewe, mbele ya mtu aliyemkataza, na angeweza kabisa kuruka mstari ule nami nisingejua mpaka kufa kwangu.

Nikamuuliza, "Uliandika?"

"Niliandika."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

Nilimfukuza. Alishuka ngazi bila kujitetea. Siku mbili sikuwa na msomaji, nikawa na nafasi ya kufikiri, na nilifikiri hivi: mtu ambaye maneno ya kumtukana aliyasoma, na ya kumchongea akayasoma, hawezi kunidanganya juu ya kilichoandikwa kwenye kioo. Siku ya tatu nikashuka mwenyewe mpaka orofa ya tatu, nikagonga, nikamwambia avae viatu.

Unakumbuka uliponipa mashine hii, ulipokuwa bado na subira? Ulinifundisha kwamba inaweka kumbukumbu ya kila kinachoingizwa na kila kinachoondolewa, na siku, na saa. Ukanifundisha na namna ya kuifungua. Ulidhani nimesahau. Nilikariri namba za wateja elfu mbili, wewe, nitasahau mstari mmoja?

Tukaifungua. Fundi Saa alitoa ile lenzi yake ya kutazamia mashine za saa, akaanza kutafuta. Nilimwambia atafute Januari. Alichukua karibu saa nzima, na nilimwacha atafune.

Akasema, "Hii hapa. Tarehe kumi na tisa Januari. Saa tatu na dakika hamsini, kimeingizwa: kiini kipya."

"Endelea."

"Saa nne na dakika kumi na mbili. Kimeondolewa: kiini cha zamani. Zimeondolewa: faili za kujengea. Imeondolewa..." Akashusha lenzi. "Mama, mambo yaliyoondolewa ni mengi. Kilichofuata ni kuzimwa."

"Hakuiwasha tena aone kama kipya kinafanya kazi?"

"Haionyeshi hivyo."

Halafu akasema neno lake la kwanza la dharau tangu nimfahamu. Alisema katika miaka arobaini ya kutengeneza saa hajawahi kutupa mashine ya ndani ya saa ya mtu kabla ya kuisikia ile mpya ikipiga.

Saa nne na dakika kumi na mbili nilikuwa natia majani kwenye birika. Yako, hiyo chai.

Kwa hiyo "sikugusa kitu kingine chochote" ilikuwa uongo. "Mifumo hujisafisha yenyewe" uongo. Miezi minne umenituma kwenye waya wa hedifoni na vipimo vya sauti, huku ukijua vizuri kilichotendeka, kwa sababu ulikuwa unaona aibu kusema "Shangazi, nimefuta." Mimi nimepoteza kazi kwa ajili ya aibu yako. Na sasa unaniletea bustani na redio.

Sikuulizi tena kiini kiko wapi. Nakuuliza hivi: tarehe kumi na tisa Januari ulikuja kufanya nini? Mtu hasafiri siku mbili kuja kuboresha kompyuta ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Shangazi yako

*

6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara tatu, nikachana mara mbili. Fundi Saa, shikamoo nawe, na nisamehe. Soma yote kama ulivyozoea.

Nilikuja kuomba nyumba.

Baba aliiandika kwa jina langu, unajua. Wewe ulihamia kumuuguza, ukamuuguza miaka mitano, akafa, ukabaki, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa huku na sikuihitaji. Mwaka jana kikohozi cha mke wangu kikaanza. Daktari amesema wazi, akiendelea kukaa kwenye saruji mapafu yataharibika. Nimeomba kuhamishwa na kukataliwa mara mbili. Mahali pekee nilipo napo pa kumpeleka ni hapo. Nikapanda basi nikiwa nimeyapanga maneno yote. Nikafika, ukanifungulia mlango, ukanishika uso kwa mikono miwili kama ulivyokuwa unafanya nikiwa mdogo, ukasema, "Umekonda." Maneno yote yakaisha.

Nikaona kompyuta. Nikakaa kwenye kompyuta ili nisikae na wewe. Niliweka kiini kipya kwa sababu nilitaka kuonekana nina kazi. Mashine ikaniambia nafasi imejaa, rekodi zako za baraza zimeijaza, nami sikutaka kukuita nikuulize kipi kifutwe. Nikafuta cha zamani na kila kilichokuwa nacho. Sikuiwasha tena kwa kuwa ingeanza kusema, ungetoka jikoni, ungekaa, na ningelazimika kuongea.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilitumaini tatizo litakuwa waya.

Karatasi ya pembeni ina mistari mitatu tu. Wa kwanza unaingiza faili za kujengea, zile za kiini hiki hiki na si kingine. Wa pili unaijenga draiva. Utachukua dakika nyingi, msiuguse. Wa tatu unaiwasha mashine upya. Safari hii nimeujaribu huku kwenye kompyuta inayofanana na yako. Niliifuta kwanza kama nilivyoifuta yako, nikaona ikinyamaza, nikairudisha. Mhandisi amenipa barua ya onyo. Ni haki yake.

Juu ya nyumba sisemi zaidi. Nitapokea utakalosema.

Mwanao

*

24 Juni

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Barua hii naiandika kwenye kompyuta, na inanisomea kila herufi ninapoipiga, kwa ile sauti yake ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo umejua.

Tulifanya Jumapili asubuhi. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulichukua dakika thelathini na moja, Fundi Saa akinisomea kila kilichopita kwenye kioo kama mtangazaji wa mpira. Wa tatu, ikazima, ikawaka. Nilivaa hedifoni, nikangoja, hakuna kitu. Nikaanza kukutukana. Katikati ya tusi ikasema, "Weka nenosiri." Sikulia. Fundi Saa atakuandikia kwamba nililia. Ana tabia ya kuandika chini ya barua za watu.

Jumatatu nilikwenda barazani kwa miguu yangu. Karani akaanza kuniambia habari za taratibu. Kumbe aliyempa kazi ni shemeji yake, na huyo shemeji mahali asiposikia anaweka vitone vitatu. Nikasema, "Cheza rekodi yoyote." Akacheza, hapo hapo kaunta, watu wakisikiliza. Nikaipiga chapa kwenye mashine yake. Akachukua maandishi ya shemeji, akalinganisha, akakuta shahidi mzima ameliwa na vitone. Kazi imerudi tangu juzi. Sikumshukuru.

Sasa nyumba. Wewe unasema ile kazi ni ya kusikiliza mawe ya mpaka. Nimesikiliza baraza la ardhi miaka kumi na moja. Mpwa mwenye karatasi, shangazi aliyemuuguza marehemu: nimepiga chapa mashauri ya namna hiyo mpaka nayajua kwa sauti za kukohoa. Najua mjumbe atauliza nini, mwenye karatasi atajibu nini, na ni wapi atashindwa kujibu. Ningeweza kukushughulikia vizuri sana, Mtaalamu. Usiku na mchana ungejuta. Lakini nimesikia pia wanavyoongea wakitoka ndani, wanapodhani kinasa sauti kimezimwa, na sitaki kuyapiga chapa ya kwetu.

Kwa hiyo sikiliza. Siendi kwenye bustani. Hata redio yao wabaki nayo. Nyumba ina vyumba vitatu na mimi nalala kimoja. Ungenikuta jikoni Januari ukasema "Shangazi, mke wangu anaumwa, hatuna pa kwenda," ningekujibu kabla maji hayajachemka. Miezi mitano imepita, mapafu ya mtu yanakula saruji, kwa sababu wewe uliona ni rahisi zaidi kubomoa mashine kuliko kufungua mdomo. Hilo sijakusamehe na usiniharakishe.

Mkeo aje na lori la Alhamisi ya kwanza baada ya kupata barua hii, si ya pili. Chumba cha mbele kina madirisha mawili na hewa inapita. Mama wa orofa ya pili ameahidi kumpokea kituoni, atabeba mtoto wake na kelele zake. Wewe utakuja ukipewa likizo. Ukifika utakaa kwenye kiti, mikono mapajani, utanieleza kwa mdomo wako yale uliyoniandikia, yote, na Fundi Saa atakuwepo.

Chumba changu, ambamo kompyuta ipo, nimekitia kitasa kipya. Funguo zake ni mbili, na hakuna wako.

Shangazi yako